Silaha Zisizo za Kawaida: Kutoka Mshale wa Uchungu wa Ukambani hadi Neno la Redio

Utangulizi

Katika jiko la marehemu babu yetu huko Kinanie, upande wa Mavoko katika Kaunti ya Machakos, palikuwa na uta uliotundikwa juu ya mafiga hata ukabadilika rangi kwa moshi. Kando yake palining'inia podo la ngozi lenye kifuniko. Sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa podo hilo, wala hatukuelezwa sababu. Babu alipofariki, uta na podo vilibaki mahali pake, na marufuku pia ikabaki.

Miaka mingi baadaye, mwandishi wa makala hii akiwa tayari amesajiliwa kwa masomo ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, binamu yake mdogo alimwomba amtajie sehemu zote za mshale kwa Kiswahili. Aliweza kutaja mbili. Alipoombwa azitaje kwa Kikamba, lugha ya mama yake, alitaja moja. Mtoto yule alicheka akauliza, "Sasa kaka, huko chuoni mnasoma nini?"

Makala hii imezaliwa na aibu hiyo. Inanuia kueleza baadhi ya silaha zisizo za kawaida ambazo zimetumika katika Afrika Mashariki tangu zamani hadi siku zetu: jinsi zilivyofanya kazi, mahali zilipotumika na majina yake. Hoja yetu kuu ni kwamba silaha ya ajabu aghalabu si kitu kigeni. Ni kitu cha kawaida cha nyumbani, shambani au msituni kilichogeuzwa matumizi. Ushahidi wa mgeuko huo umehifadhiwa katika msamiati wetu wenyewe. Hii ndiyo sababu tunaona kwamba mada hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili, wala si wanahistoria na wanajeshi peke yao.

Dhana ya silaha

Neno silaha limetoka katika Kiarabu, na kwa kawaida hufahamika kuwa ni chombo cha kupigania au kujikingia. Fasili hii yatosha tukiwa tunazungumzia mkuki, sime, rungu, jambia au bunduki. Inapwaya, hata hivyo, tunapokutana na nyuki, maji, sindano, komeo la mlango au sauti ya mtangazaji. Vitu hivi havikuundwa kwa ajili ya kuua. Kilichovifanya viwe silaha ni nia ya aliyevitumia na hali aliyokuwamo.

Tukiutazama msamiati wa vita katika Kiswahili tunaona jambo hilo hilo. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi. Madini yakapewa kazi, na jina likahamia kwenye kitu kinachoua. Kifaru ni mnyama wa mbugani, lakini tangu majeshi yalipoleta gari la deraya lenye mzinga, msemaji wa Kiswahili hakuhitaji kuazima neno: alitazama ngozi nene na pembe iliyotangulia, akaita kifaru. Fumo ni mkuki wenye bapa pana, na papo hapo ni cheo cha mtawala katika pwani ya kaskazini. Mzinga nao una kisa kirefu ambacho tutakirudia baadaye.

Mshale wenye uchungu

Wakamba walijulikana tangu zamani kwa shabaha ya uta. Nyanda za Athi, ambazo Kinanie imo ndani yake, zilikuwa mpaka wa jamii mbili zenye silaha tofauti: Wamaasai waliopigana kwa mkuki mrefu na ngao ya ngozi, na Wakamba waliotegemea uta, mshale na sime. Mkuki hutaka mpiganaji amkaribie adui yake. Mshale hutaka macho, subira na kichaka cha kujifichia. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa pia wawindaji wa tembo na wafanyabiashara waliosafirisha pembe hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, mwenyeji wake huko Kitui alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe hizo.

Uta peke yake haungeweza kumwangusha tembo. Nguvu ilikuwa katika kitu cheusi kilichopakwa kwenye chembe, yaani ncha ya mshale. Wakamba hukiita ivai. Hutokana na miti ya jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Acokanthera, inayoota katika maeneo makavu ya Kenya na nchi jirani. Magamba na vipande vya mti vilichemshwa kwa muda mrefu mpaka maji yakawa mazito kama lami. Chembe iliyopakwa ilifungwa kwa kipande chembamba cha ngozi ili dawa isikauke, na ili mwenye podo asijichome. Hapo ndipo tulipopata jibu la marufuku ya babu.

Ufundi wa mshale wenyewe unastahili kuelezwa. Kipande cha mbele chenye sumu hakikukazwa kwenye uti, kilichomekwa tu. Mnyama alipokimbia na kujisugua vichakani, uti ulianguka na chembe ikabaki mwilini. Mwindaji aliweza kuuokota uti na kuutumia tena.

Sumu hii hushambulia moyo. Katika kila chembe hai ya mwili kuna kitu mfano wa pampu kinachotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Sumu ya mshale huizuia pampu hiyo. Moyo hupiga kwa nguvu isiyo na mpangilio, kisha husimama. La kustaajabisha ni kwamba sumu hiyo haisharabiwi vizuri tumboni, na kwa sababu hiyo wawindaji waliweza kula nyama ya mnyama waliyemuua baada ya kuondoa sehemu iliyozunguka jeraha. Hatari ilikuwa katika damu.

Hapa msomaji wa lugha ana la kuzingatia. Wagiriama wa pwani, ambao nao walisifika kwa kutengeneza na kuuza sumu ya mishale, huiita utsungu. Sauti ts ya Kigiriama hulingana mara nyingi na ch ya Kiswahili sanifu. Basi utsungu ni uchungu. Neno tunalolitumia kwa ladha ya shubiri, kwa maumivu ya mama anayejifungua na kwa huzuni ya mfiwa, ndilo jina la sumu kwa majirani wa Waswahili. Wazee waliiita sumu kwa ladha yake.

Sumu iliyogeuka dawa

Kisa cha sumu hii hakiishii msituni. Daktari John Kirk, aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe na wenyeji, inayotokana na mmea mwingine, Strophanthus. Inasimuliwa kwamba mswaki wake uliwekwa mahali pamoja na sumu hiyo. Aliposugua meno alihisi uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Kirk huyo ndiye aliyekuja kuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar na kuhusika na mkataba wa mwaka 1873 ambao kwao Sultani Barghash aliufunga mnada wa watumwa. Sampuli za kombe zilichunguzwa na Thomas Richard Fraser huko Edinburgh, na kwa miongo mingi dawa iliyotokana nazo ilitumiwa kutibu moyo dhaifu.

Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga sumu ya mti ambao Wasomali huuita waabaayo, na kutoka neno hilo sayansi ikapata jina ouabain. Baadaye kitu hicho kiliwasaidia wataalamu kuielewa ile pampu ya chembe hai ambayo Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957, na ambayo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Ni haki kusema kwamba sehemu ya elimu ya leo kuhusu moyo imepitia katika podo la mwindaji wa Kiafrika, ingawa mwindaji huyo hakutajwa katika tuzo yoyote.

Binadamu si kiumbe pekee aliyeigundua silaha hii. Kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya meusi na meupe na kishungi mgongoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba panya huyo hutafuna magamba ya Acokanthera, kisha hupaka mate yenye sumu kwenye nywele maalumu za ubavuni ambazo hunyonya kioevu kama utambi. Mbwa anayemng'ata huugua vibaya au kufa. Panya hujipaka sumu aumwe, mwindaji huipaka mshale aumize. Mti ni ule ule.

Nyuki na mzinga

Mzee mmoja jirani yetu huko Kinanie, tulipomuuliza kuhusu silaha za kale, alijibu, "Mjukuu wangu, silaha ya Mkamba iko juu ya mti." Tulidhani anazungumzia mtego. Alikuwa anazungumzia mwatu, yaani mzinga wa nyuki, lile gogo lililochongwa ndani likawa wazi na kutundikwa mtini. Nyumba iliyozungukwa na mizinga, alisema, haiingiwi ovyo usiku.

Nyuki waliwahi kuingia katika historia ya kijeshi ya dunia, na walifanya hivyo Tanga. Mapema mwezi wa Novemba mwaka 1914, kikosi cha Waingereza cha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kilishuka ufuoni ili kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani walioongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Waliowangoja walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Katika mapigano ya vichakani risasi zilitoboa mizinga, nyuki wakafumuka wakawashambulia wapiganaji. Waingereza walishindwa, wakarudi majini na kuacha silaha nyingi. Uvumi ulienea kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi. Ukweli ni kwamba nyuki hawakuchagua upande. Waliwauma wa pande zote mbili. Hata hivyo mapigano hayo yamebaki na jina la Vita vya Nyuki.

Sasa turudi kwenye neno mzinga. Katika Kiswahili neno hili hutaja makao ya nyuki, na papo hapo hutaja bunduki kubwa ya kupiga ngome na merikebu. Ukilitazama gogo lililochongwa na mtutu wa shaba au chuma, huna haja ya kuelezwa: vyote viwili ni mwili mrefu wa mviringo ulio wazi ndani, na vyote hutoa kitu kinachovuma na kuuma. Msemaji wa kwanza aliyeiita silaha ya wageni mzinga alikuwa anafanya kazi ile ile ya mshairi: kukijua kigeni kwa kukifananisha na cha nyumbani.

Mizinga ya aina ya pili nayo ina ajabu zake. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji. Ilipozidiwa, mabaharia wake waliizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Lakini mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikatiwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu, ikapigana vita vya msituni mbali na bahari. Mmoja wa mizinga hiyo unaweza kuonekana leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Wapagazi Waafrika walioivuta hawana sanamu pale.

Maji, sindano na tupa

Katika mwaka 1905, wananchi wa kusini mwa Tanganyika, wakichoshwa na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, walijiandaa kupigana na Wajerumani. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwagawia watu maji ambayo, iliaminiwa, yangezifanya risasi ziwe maji. Yeye mwenyewe alinyongwa mapema, mwezi wa Agosti 1905, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907.

Ni rahisi kuyacheka maji hayo. Msomaji wa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, hawezi kucheka kwa wepesi. Mwandishi anatuonyesha kwamba maji hayakuzuia risasi, lakini yalifanya kazi ambayo hakuna bunduki iliyoweza kuifanya: yaliyaunganisha makabila yaliyokuwa yakihasimiana. Aidha anatuonyesha gharama ya silaha ya namna hiyo, kwa kuwa aliyeitoa hawezi tena kuirudisha. Kwa upande wa pili, Wajerumani walitumia silaha iliyoua zaidi kuliko bombomu zao. Walichoma mashamba na maghala, wakaiacha njaa imalize kazi. Watu waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi. Ikiwa tunatafuta silaha ya kutisha katika kisa hiki, si maji. Ni chakula kilichonyimwa.

Fasihi yetu ya kale nayo haikukosa silaha za ajabu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo kama ulivyoandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa mwenye nguvu zisizopimika anafungwa gerezani. Anaokolewa na mkate wa wishwa. Walinzi huvila vyakula vizuri anavyoletewa. Huu wa wishwa wanaudharau na kumwachia, kumbe ndani yake mama amefichamo tupa. Anazikata pingu huku ngoma na nyimbo zikiufunika mlio wa chuma.

Lakini Liyongo aliyeshinda majeshi anauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na mkono unaoishika ni wa mwanawe aliyehadaiwa na mtawala. Jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka ni mwisho wake: Liyongo anakwenda kisimani, anapiga magoti, anapachika mshale katika uta, na hivyo hivyo anakata roho. Watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, kwa maana wanadhani yu hai. Uta usiofyatuliwa, ulio mkononi mwa maiti, unauzingira mji mzima. Uta ule wa jikoni kwa babu nao ulitufukuza sisi watoto kwa namna hiyo, bila mtu wa kuuvuta.

Mabomba na makomeo

Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikabiliwa na upungufu mkubwa wa bunduki. Mafundi wao walizitengeneza. Bomba la maji liligeuzwa mtutu. Kipande cha mti kikawa kitako. Komeo la mlango likawa kipigio, likisukumwa na ukanda wa mpira uliokatwa kutoka katika tyubu. Bunduki hizo zilipiga risasi moja moja, na mara nyingine zilimlipukia aliyezishika. Baadhi yake zimehifadhiwa katika makumbusho za Uingereza.

Tunapozitazama kwa makini tunaona nyumba nzima ndani yake: bomba, mlango, baiskeli. Walionyimwa chuma cha vita walikopa chuma cha amani. Nazo zilipunguza hofu kabla ya kumpunguza adui, kwani mtu aliyebeba kitu chenye umbo la bunduki hakuwa tena mtu mikono mitupu.

Miguu ya Wakamba

Silaha ya ajabu kuliko zote katika historia ya sehemu yetu haikuwa na ncha wala mtutu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza ng'ombe wa Machakos kwa nguvu, kwa madai kwamba walikuwa wanaiharibu ardhi. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama hapo Athi River, mwendo mfupi kutoka Kinanie, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Watu waliokuwa na uta katika kila jiko wangeweza kuutungua. Hawakuutungua. Mwezi wa Julai 1938, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association, wanaume, wanawake na watoto kwa mamia walitembea kwenda Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi Kariokor, wakakaa wiki kadhaa. Walikataa kuondoka, na hawakumrushia mtu jiwe. Serikali iliyojua namna ya kupambana na mishale haikujua namna ya kupambana na watu walioketi. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuwapunguza ng'ombe kwa lazima uliachwa. Barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake, na kiwanda cha Athi River kilikuja kuwa cha Tume ya Nyama ya Kenya iliyoundwa mwaka 1950.

Silaha za leo

Itakuwa kosa kudhani kwamba mambo haya yamepita. Mshale wa sumu ungali unaua. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hupenda mshale kwa sababu hauna mlio. Mwezi wa Mei 2014 tembo mashuhuri Satao, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu katika hifadhi ya Tsavo Mashariki. Ujuzi uliokuwa fahari ya wazee umekuwa mtumwa wa soko la pembe. Pia katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pinde na mishale zilionekana tena mikononi mwa vijana, safari hii zikielekezwa kwa majirani. Hatuwezi kuusifu uta bila kulisema hilo.

Kwa upande mwingine, nyuki wamepata kazi yenye heri. Utafiti wa Lucy King na wenzake nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2007, ulithibitisha kwamba tembo huukimbia mvumo wa nyuki. Tangu hapo wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, wamezungushia mashamba yao uzio wa mizinga iliyofungwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, tembo hurudi msituni akiwa hai, na mkulima hubaki na mahindi na asali. Yule mzee wa Kinanie hangeshangaa.

Ndege zisizo na rubani zimeingia nazo katika kanda yetu. Zilitumika katika vita vya Tigray, Ethiopia, vya mwaka 2020 hadi 2022. Chombo ambacho kingine kama hicho hupiga picha za harusi hubeba kombora. Msemaji wa Kiswahili anaita droni au ndege isiyo na rubani. Bado hatujapata neno lenye nguvu kama kifaru.

Lakini silaha inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha ni neno. Pwani ililijua hilo mapema: katika uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, mashairi ya Muyaka bin Haji yalitangulia na kufuata majahazi ya vita. Kujibizana kwa beti, hata hivyo, kulikuwa na kanuni zake, na aliyeshindwa alirudi nyumbani kutunga upya. Mwaka 1994 nchini Rwanda neno lilitumika bila kanuni yoyote. Redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, siku baada ya siku. Mende ni mdudu wa jikoni ambaye hakuna anayeona haya kumkanyaga. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa ikikaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wawili wao waanzilishi wa redio hiyo na wa tatu mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya mwaka 2007 ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hatia ya uchochezi haikufutwa kabisa. Kenya nayo, baada ya jumbe za chuki kusambazwa kwa simu wakati wa ghasia za 2007 na 2008, ilipitisha sheria ya utangamano mwaka 2008.

Mende, uchungu, mzinga, kifaru: njia ni ile ile. Kitu cha nyumbani kinachukuliwa na kupewa kazi nyingine. Tofauti ni kwamba sitiari ya mzinga ilimsaidia mtu kuelewa chuma, ilhali sitiari ya mende ilimsaidia mtu kusahau kwamba jirani yake ni mtu.

Hitimisho

Tumeona kwamba silaha zisizo za kawaida hutokana na vitu vya kawaida, kwamba nyingine hurejea katika maisha kama dawa au uzio wa shamba, na kwamba majina yake hutunza safari hiyo. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, wanachama wa vyama vyetu vya Kiswahili waanze kukusanya istilahi za uta, mshale, mitego na ufugaji wa nyuki kutoka kwa wazee wa sehemu wanakotoka, kwa Kiswahili na kwa lugha zao za kwanza, kabla wazee hao hawajatutoka. Kamusi zetu zina upote, ziaka, chembe na kigumba, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kuvionyesha kwa kidole? La pili, tunapofundisha tamathali za usemi, tusifundishe uzuri wake pekee. Tuonyeshe pia sitiari iliyoua.

Likizo iliyopita tuliuteremsha uta wa babu, mbele ya yule mzee jirani, aliyekuja kutuelekeza namna ya kulishika podo. Chembe zilikuwa nne, zingali zimefungwa katika ngozi iliyokauka. Mzee hakuturuhusu tuzifungue. Alitutajia jina la kila sehemu, polepole, binamu mdogo akiandika katika daftari la shule, kisha akavirudisha vyote mahali pake juu ya mafiga.